Nane Inaishinda Moja

Tuliacha gari mbali, nyuma ya maghala ya nafaka,
maegesho yalikuwa yamejaa tangu saa kumi na moja,
nikambeba Signe begani kama gunia la chumvi,
ile ninayoimwaga barabarani usiku kucha, Januari nzima.
Baridi ilikuwa ya kugandisha kope.
"Baba," akauliza ndani ya skafu, "mpira wao hausikii baridi?"

Wiki nzima nilikuwa nimemfundisha mezani, kwa chungwa na bakuli:
hapa pointi mbili, kule nyuma ya mstari tatu,
ukitembea na mpira bila kuudunda, ni kosa.
Chungwa tukalila Jumatano. Sheria zikabaki.

Mlangoni, kwenye tiketi, Bi Halvorson, aliyenifundisha darasa la pili,
akamtazama juu hadi chini. "Ana miaka mingapi?"
"Minne," nikasema.
"Na nusu!" akafoka mwenyewe,
kana kwamba nataka kumdhulumu nusu yake.
Chini ya mitano huingia bure.

Kisha mlango wa pili, wa chuma,
na joto, na harufu ya bisi, na bendi ya chuo
ikapuliza tarumbeta zote kwa mkupuo.
Signe akaziba masikio kwa glovu zake mbili,
akanitazama kama mtu aliyesalitiwa.
Nikasema moyoni: basi, dakika tano, turudi nyumbani.
Tiketi yangu dola tisa. Usiku wangu pekee wa mapumziko.

Lakini wasichana wakatoka mbio,
warefu, nywele wamezifunga mikia,
viatu vikaanza kulia sakafuni, kwii, kwii,
na zile glovu zikashuka, kidogo kidogo.
"Wana panya kwenye viatu," akaninong'oneza.

Sidanganyi: mchezo hakuutazama.
Namba kumi na nne, Teagan Bauer, binti wa muuza matrekta,
alitupa kutoka mbali mno,
mpira ukaizunguka pete, ukafikiri, ukaingia,
ukumbi mzima tukasimama, kahawa yangu ikamwagikia buti la jirani,
na Signe alikuwa ameinama, anatafuta bisi chini ya kiti.

Alichokiona yeye ni kijana wa deki.
Mwembamba, miwani, fulana imemzidi.
Kila mchezaji alipoanguka na filimbi ikalia,
alichomoka pembeni na taulo, akapiga magoti,
akafuta jasho la mtu mwingine, akarudi mbio.
Watu elfu moja na ushei wanamngoja.
Refa anamngoja. Mpira wenyewe unamngoja, kwapani mwa refa.
"Yule ndiye mkubwa wao," Signe akasema,
nami sikuwa na hoja.

Robo ya nne, kocha wetu alikuwa amekaa,
na kocha yule hakai.
Ubao ulisema hamsini na nane kwa sabini na moja.
Signe anajua tarakimu; makumi bado.
Akasoma kwa kidole: "Sisi tano, nane. Wao saba, moja."
Akakunja uso, akapima.
"Nane inaishinda moja. Tumeshinda!"

Mzee wa mbele yetu, kofia ya rangi ya timu,
aliyekuwa akimtukana refa tangu mwanzo,
akageuka. Nikajua atamsahihisha.
Akamwangalia kitambo, akanyoosha kiganja,
wakagonganisha.
"Tumeshinda," akasema, akatafuta mkono wa koti lake.

Gari lilikataa mara mbili kabla ya kuwaka.
Mama yake alikuwa zamu, hospitali, hadi alfajiri.
Nyumbani nikamsimamisha barazani, nikimvua buti,
amelala wima kama farasi,
theluji ikayeyuka, ikawa kidimbwi kwenye mbao.
Akafungua jicho moja.
Akavua skafu, akapiga magoti,
akafuta, akafuta hadi chini ya kabati la viatu,
kisha akarudi mbio ukutani, akajinyoosha.

Akaningoja.
Nilichelewa kuelewa.

"Filimbi, Baba."

Nikaweka vidole viwili mdomoni.