Reli Inayokoroma

Saa kumi na moja kasoro, kabla treni ya kwanza
haijakohoa kule Makadara,
nasukuma kitoroli juu ya reli ya kushoto,
taa kwenye kofia, debe la maji likidondoka
tone kwa tone mbele ya vihisio,
maana sauti haivuki hewa kuingia chumani;
yataka unyevu, kama neno gumu litakavyo mate.

Reli inang'aa. Hapo ndipo inapodanganya.
Magurudumu yameisugua hadi ukiinama
unaona moshi wa Viwandani ukipita ndani yake.
Ugonjwa wake haukai usoni.
Hukaa kwenye tundu la bolti, nyuma ya kibao cha kiungo,
au katikati ya kichwa, punje ya hewa
iliyonaswa siku chuma kilipomwagwa kikiwa uji,
ikanenepa kimyakimya kwa kila behewa.

Barasa, nyapara wetu, zamani alibeba nyundo tu.
Aligonga, akasikiliza:
reli nzima huimba, alisema, mbovu hukoroma.
Alipaka mafuta taa, akafuta, akapaka chokaa,
akangoja ufa ujiandike wenyewe.
Siku hizi sikio lake la kulia limekufa.
Anatembea ubavuni mwangu, akisoma uso wangu.

Kwenye skrini sauti hushuka, hugonga wayo wa reli, hurudi:
mlima mmoja, pale pale,
taruma baada ya taruma.
Nauombea uchoshi huo.

Mwaka juzi, Pumwani, nilipakwa jeli tumboni,
na mtaalamu akazungusha kihisio, akazungusha tena,
akaniuliza tarehe mara mbili.
Kule tulitafuta kitu kipige katikati.
Hapa naomba katikati pakae kimya.
Sijamwambia Barasa hili.
Namwambia, "Songa, maji yamepungua."

Makongeni, nyuma ya bohari,
Mama Nzilani ameweka ndoo ya uji juu ya reli, ipate usawa.
Hatua mbili kabla yake: mlima wa pili,
mdogo, mahali pasipo pake.
Narudi nyuma. Naenda mbele. Upo.
"Ondoa ndoo, mama."
"Kwani reli yenu imefanya nini?"
Siwezi kumwonyesha. Hata mimi sijauona ufa;
nimeambiwa na sauti
iliyorudi nyumbani mapema mno.

Napaka mshale mwekundu. Barasa anapigia stesheni simu:
treni ipite hapa kwa mwendo wa mtu mwenye viatu vipya.
Usipoziba ufa, wanasema,
lakini chuma hakizibwi kwa udongo.
Hukatwa.

Adhuhuri walikuja na msumeno, cheche zikaruka hadi kwenye sufuria.
Penye mkato tukaliona: ua jeusi,
dogo kuliko ukucha wa mtoto.
Mama Nzilani akainama. "Hicho tu?"
Nilikuwa na jibu. Nikanunua uji.

Kipande chenyewe kiliombwa na shule iliyo ng'ambo.
Kinaning'inia kwa waya kwenye boriti ya jikoni.
Barasa alikigonga kwa nati,
akakigeuzia sikio la kushoto.
"Kinakoroma," akasema, akacheka mpaka akafuta macho.

Kila saa mbili asubuhi kinakoroma,
na watoto, kokoto zikiwaruka miguuni,
wanakimbia kukiitikia.