Mita Ishirini na Mbili

Kutoka getini hadi barazani ni mita ishirini na mbili.
Nilizipima mwenyewe kwa kamba ya katani,
maana fundi Sebabili alizipima kwa miguu
akapata ishirini na saba.
Hatua za fundi hufupika akiona bati jipya.

Hela si yangu. Ni ya Gwasa, mwanangu wa Mwanza,
aliyekwangua tumbo la gari lake Krismasi ile
kwenye korongo la mlangoni petu, hapa Gungu.
Akashuka, akachungulia chini, akasema,
"Baba, hii si njia, hii ni kesi."

Tukakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, tukapatana.
Sebabili akaandika kwenye kipande cha mfuko wa saruji:
vitofali vya pevingi, mchanga lori mbili,
kokoto, kingo, na mengineyo.
Nikamuuliza, mengineyo ndiye nani?
Akacheka, akayakata kwa mstari,
akayarudisha chini kabisa kwa jina la dharura.

Alitaka nusu mkononi. Nikampa theluthi.
Nikamwambia: nimetembea relini miaka thelathini na moja,
nikigonga mataruma kwa nyundo nisikie lililooza.
Na wewe nimekugonga.
Umelia vizuri, ila si sana.

Siku tisa hakuonekana.
Simu yake inaita, inaita, inachoka.
Mchanga ukalala getini, kuku wakauoga,
watoto wakajenga humo Kasulu nzima na stendi yake.
Mke wangu hakusema neno.
Kunyamaza kwake kulikuwa na riba.

Ya kumi akaja na vijana wawili
na mashine ya kushindilia, ya kuazima.
Alikuwa amezika shangazi yake kule Manyovu;
udongo wa huko bado uko kwenye viatu.
Nikaona haya.
Kisha nikahesabu vitofali sitini vilivyovunjika pembe,
haya ikapungua.

Alikuwa na pimamaji, lakini hakuiamini.
Akalala kifudifudi, shavu chini, jicho moja limefumbwa,
kama nilivyokuwa nikilala mimi karibu na Luiche
kutafuta reli iliyopinda.
Hapo ndipo nilipompa theluthi ya pili
bila kuombwa.

Alhamisi ikaisha. Ikapendeza, kwa nini niseme uongo?
Majirani wakaja kuitembea, kwenda na kurudi,
wengine wamevua viatu.

Jumamosi mvua.
Maji yaliyozoea kukawia kwangu,
yakinywewa taratibu na udongo mwekundu,
yakakuta sakafu. Yakapewa mbio.
Yakashuka kwa Mama Nyamwiza bila hodi,
yakazoa mise yake aliyoanika,
mikeka minne,
yakaondoka nayo kuelekea ziwani.

Alikuja jioni na punje moja kiganjani.
Akaiweka mezani kwangu.
"Njia yako nzuri, mzee," akasema. "Imenifikia."

Nikamwita Sebabili.
Akavuta kile kipande cha mfuko, akakisoma mara mbili.
"Mfereji haukuwemo kwenye mapatano."
Kweli haukuwemo.
Nikashusha kidole hadi mstari wa mwisho,
pale alipoandika kwa mkono wake mwenyewe: dharura.
Alinitazama muda mrefu.
Kisha akaagiza mtaimbo.

Waling'oa safu mbili ubavuni, zile nzuri,
wakachimba hadi kwenye mtaro wa barabara.
Sasa njia ina kovu, na maji yana adabu.

Krismasi Gwasa amefika, gari limeoshwa Uvinza,
anapiga honi getini.
Nimetoka na msuli, mswaki mdomoni.
Jua limewaka baada ya siku tatu za mawingu,
na juu ya mita zangu ishirini na mbili,
kutoka getini hadi barazani,
Mama Nyamwiza ameanika mise.

Nimemwambia mwanangu, egesha huko huko.
Zikauke kwanza.