Anadai

Dirisha namba tatu, masjala ya hospitali, Mbagala.
Feni inajizungukia tu, haimpepei mtu.
Chausiku Ngwale amelishika faili lake kwa mikono miwili
kama sinia la vikombe vilivyojaa,
na badala ya kunipa, ananiuliza:
"Kaka, humu wameniandika nini?"

Miaka kumi na minne napanga mafaili, nayafunga kamba.
Hakuna aliyewahi kuniuliza.
Kiingereza cha madaktari nakijua
kama mtu anavyoujua ugomvi wa jirani, kupitia ukutani.
Nikafungua, nikamtafsiria:
"Mgonjwa wa seli mundu. Anadai maumivu, kumi kwa kumi."

"Nadai?"
Akaligeuza neno mdomoni kama anayeonja chumvi ya mchuzi.
"Namdai nani? Kuna mtu aliyakopa maumivu yangu
akakataa kuyarudisha?"

Mstari uliofuata nilitaka kuuruka.
"Soma, kaka."
"Anadai, lakini anachezea simu."
"Nilikuwa namwandikia mama: njoo na kanga, njoo na uji,
sijui kama kutakucha."
"Anaitaja dawa kwa jina na kipimo."
"Ugonjwa huu ninao tangu sijaota meno.
Fundi cherehani akitaja namba ya sindano
naye mnamshuku?"

Kuanzia hapo wino ukawa unabadilika, neno halibadiliki.
Buluu ya usiku wa manane: anadai.
Nyeusi ya zamu ya asubuhi: anadai.
Mwandiko uliolalia kulia: kama ilivyoandikwa awali, anadai.
Watu watano, kikombe kimoja,
hakuna aliyekisuuza.
Na shuka aliloling'ata mpaka likatoboka
halimo.

Nikalifunga faili. Ndipo nikaliona jalada.
Kalamu nyekundu, herufi kubwa: MTORO.
Ile R yenye mguu mrefu naijua.
Ni yangu.

Siku yenyewe siikumbuki. Pengine ilikuwa Ijumaa,
orodha ya waliokosa kliniki ndefu,
nami nikipiga MTORO, MTORO, MTORO
huku nikibishana na Rehani habari za penalti.
Mtoro ni mtoto aliyeruka ukuta wa shule.
Mtoro ni askari aliyetupa bunduki.
Huyu aliruka nini?

Nikamuuliza, miaka mitatu baadaye, kwa sauti ya chini
kana kwamba foleni nzima ilikuwa inanisubiri mimi.
"Nilikuwa Msongola," alisema. "Mvua za Aprili.
Nilifika darajani saa kumi na moja alfajiri,
na miguu yangu unaijua,
baridi ikiingia haitoki."
Siijui miguu yake. Sikumwambia.

Masjala hatufuti. Ndiyo kanuni.
Tunapiga mstari mmoja, neno libaki likisomeka,
kisha saini, kisha tarehe.
Nikapiga mstari. Mkono ulikuwa mzito
kuliko siku niliyoandika.
Pembeni, kwa herufi ndogo: daraja lilizama.

Aliinama dirishani, akasoma kichwa chini miguu juu,
kidole chake kikafuata herufi moja moja.

"Hapana, kaka. Daraja lilikuwepo.
Maji ndiyo yaliyopita juu yake.
Andika vizuri."