Nguzo ya Kumi na Saba

Kazi yangu ni kuvunja.
Wenzangu wanasuka nondo, wanamwaga zege usiku kucha,
taa zimewaka mpaka Kigogo utadhani kuna harusi.
Mimi nachota ndoo moja katika kila mmwago,
najaza vibweta vya chuma, nashindilia mara thelathini na tano,
nachora tarehe kwa msumari,
na siku ya ishirini na nane ikitimia
nalipandisha jiwe kwenye mashine, naliuliza:
unabeba ngapi?
Linanyamaza. Linanyamaza.
Halafu linasema pah!

Ndivyo daraja linavyoaminika.

Yaliyopasuka hatuyatupi. Manne yalipanda lori hadi Chanika
kwa mama yangu, Bi Kidawa.
Wateja wake wa uji wanayakalia alfajiri,
wanapuliza vikombe, wanalaumu bei ya sukari,
hawajui wamekalia nguzo ya tisa.

Kabla ya nguzo bonde lilikuwa na kuta.
Ukuta wetu ulipigwa X nyekundu na namba,
lakini chini ya X kulikuwa na mistari ya baba, ya mkaa:
maji ya mwaka ule yalifika hapa,
ya mwaka aliozaliwa Subira, hapa,
na huu wa juu kabisa, usiku kitanda kilipoelea
nasi tuko juu ya bati
tunahesabu masufuria yanavyotuaga.
Wathamini walikuja na futi kamba.
Waliandika bati, tofali, choo,
mpapai mmoja, unazaa.
Mistari ya mkaa hawakuiandika.
Haikuwa na safu yake kwenye fomu.

Baba, Mfaume, alichimba mchanga Msimbazi humu humu.
Wakamwambia, wewe unakula kingo za mto.
Akauza ndoo kwa ndoo, nyumba za Sinza zikainuka.
Mto ulipokuja kudai deni
haukwenda Sinza.

Mama akanipigia simu:
Chumba changu kimeangukia nguzo gani?
Nikatazama ramani, nikahesabu kutoka upande wa Magomeni.
Ya kumi na saba, mama.
Akakaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha.
Basi mwambie injinia wako,
hapo ndipo kilipozikwa kitovu chako.

Sikumwambia. Injinia ana mengi.
Ila usiku wa kumwaga ile ya kumi na saba
utaratibu ulitaka mawe matatu,
nikajaza manne.
La nne halimo kwenye daftari.
Halina tarehe, halitaulizwa linabeba ngapi.
Liko Chanika, limezuia mlango
upepo usiufunge.

Masika yalipokuja, magari yakiwa bado hayajaruhusiwa,
nilimpitisha mama kwa mlinzi, Masunga,
kwa soda na salamu.
Tukatembea katikati ya barabara, sisi wawili,
lami mpya, kanga yake ikipigwa na upepo,
mara ya kwanza maishani mwake kupita Jangwani mvuani
bila kuvua viatu.
Juu ya kumi na saba akashika ukingo, akainama.

Chini maji ya kahawia yalibeba godoro, madumu,
mgomba mzima na mkungu wake,
yakigawanyika kwa nguzo, yakikutana tena ng'ambo
kama watu wanaopishana na mlevi.

Kumbe kilikuwa kidogo hivi, akasema.
Tulilalaje watu saba?

Nikaanza kumweleza habari za kina cha msingi,
uzito, miaka mia iliyoandikwa kwenye mkataba.
Hakuwa ananisikiliza.
Mvua ilikuwa imepungua tangu saa nne, mto umeanza kushuka,
na kwenye zege, wima, jipya, lile nililolivunja nikaliamini,
tope lilikuwa limeacha mstari.
Mama aliufuata kwa kidole, toka juu, hewani,
kama mtu anayesoma barua bila miwani.

Mwaka huu, akasema,
umepita kitanda.