Kutoka Shimoni

Miaka ishirini na tisa nilimjua Deolinda Taveira
kuanzia kifundo cha mguu kwenda chini.
Kazi yangu ilikuwa shimo: kiti kisicho na mgongo,
balbu moja, daftari la mchezo, na kifuniko cha mbao
kilichotokeza ukingoni mwa jukwaa kama gamba la kobe.
Ninyi mlilipa kuuona uso wake.
Mimi nililipwa nisionekane, nimnong'oneze.

Alianza na viatu vya kuazima,
cha kulia kimetiwa gazeti lililokunjwa.
Binti wa kondakta wa tramu, wa pale Massarelos,
miaka kumi na saba, na maneno manne tu ya kusema:
"Bibi, barua yako imefika."
Akayasema matatu.
La nne nilimrushia mimi. Akalidaka bila kuinama,
na barua ikafika.
Hapo ndipo nilipojua: huyu ana sikio.
Wenye sauti ni wengi.

Baadaye visigino vikarefuka. Hariri. Ngozi ya mwanambuzi.
Siku aliyomzika mamaye alikuja na tope la makaburini kwenye soli,
akauchekesha ukumbi mpaka askari wa zimamoto, kule mlangoni,
akajishika mbavu.
Mimi peke yangu niliiona ngozi ya kiatu
ikipanda na kushuka juu ya kidole gumba,
kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba iliyohamwa.

Kisha usiku ule wa Machi.
Mkaguzi wa serikali alikwisha pita na penseli yake ya buluu:
ukurasa wa arobaini na mbili, mstari mmoja.
"Mkate ni wetu pia."
Nikanong'oneza uliofuata. Kimya.
Nikarudia. Visigino vikageuka,
na kwa mara ya kwanza akachuchumaa, akanitazama usoni
(macho ya kijivu; sikuwa na habari)
akausema ule uliokatwa. Polepole,
kana kwamba mnong'onezi ni yeye.

Hakuna aliyepiga makofi. Ukumbi ulivuta pumzi, basi.

Asubuhi polisi hawakumgusa; jina lake lilikuwa kwenye mabango.
Waliniita mimi. Nikasema: macho yangu mabovu,
balbu hafifu, nilisoma kilichofutwa.
Miezi mitano bila mshahara.
Kila Jumamosi mtu alimletea mke wangu samaki wa chumvi
waliofungwa kwenye kurasa za mchezo.
Hakuacha jina.

Kisha televisheni ikamchukua Lisbon.
Humo hakuna shimo. Ukikosea wanakata, mnaanza upya,
na kosa linakufa bila shahidi.
Miaka sita alikuwa Dona Hermínia mwenye duka la dawa,
saa moja na nusu jioni, nchi nzima imeweka vijiko chini.
Mkahawani kwa Valdemar nilimwona kuanzia kiuno kwenda juu.
Sikumtambua. Wallahi sikumtambua.
Uso ulikuwa mzuri, ila mimi nilitafuta miguu.
Watu walinicheka: midomo yangu ilikuwa ikimtangulia
katika mchezo ambao sijapata kuusoma.

Alipofika hamsini na nane wakamwachia tangazo la supu.
Akalikubali. "Supu nayo ina watazamaji wenye njaa,"
aliliambia gazeti.

Mwaka jana amerudi Porto, jukwaa lilelile.
Shimo limezibwa kwa zege; siku hizi mnong'ono
hupitia kidude cha sikioni. Alikikataa.
Badala yake akaomba kiti kimoja safu ya mbele,
cha mzee fulani, kama bado yu hai.
Nilikwenda. Soksi mbili hazifanani, ndivyo nilivyoharakishwa.
Alivaa raba nyeupe, za hospitali.

Tendo la pili akasimama katikati ya sentensi.
Ukimya ule naujua: si wa kuigiza.
Nikafungua kinywa nimrushie,
na mkononi mwangu hamna kitu. Mstari umenitoka nami.

Tukatazamana, vikongwe wawili.
Mtu akakohoa nyuma huko.
Raba zikasogea mpaka ukingoni. Akainama,
taratibu, goti likilia kama bawaba:
"Bibi," akasema, "barua yako..."

na akangoja.