Kilo Hamsini na Tisa

Wametaka kimo kwanza.
Fomu yao yaanza na kimo, kisha uzito, kisha umri,
kisha mguu anaoutumia.
Akili haina kisanduku.

Nimeshuka Mkoani kwa boti ya asubuhi,
n'na kalamu, futi kamba ya fundi cherehani
na simu ya bosi isiyochoka kuuliza:
"Huyo beki wako, anafika futi sita?"

Hafiki.
Shaame Mbarouk, beki wa kati, mwaka wa pili chuoni,
anasomea ualimu wa hesabu,
anakaa Machomane kwa shangazi yake.
Nilipomsimamisha ukutani nikamwambia avue viatu
vikaanguka vipande viwili vya boksi, vimekunjwa vizuri,
vimeshachukua umbo la kisigino.
Hakusema kitu. Nami sikusema.
Nikaandika: futi tano, inchi tano na nusu.
Hiyo nusu ni yake ya halali, nimeipima mara mbili.

Mizani sikuwa nayo.
Tukaenda kituo cha kununulia karafuu,
karani akampandisha kati ya gunia na gunia.
"Hamsini na tisa," akasema, "lakini bado mbichi huyu,
mwanikeni siku tatu, atapungua."
Foleni nzima ikacheka. Shaame naye akacheka,
ila pumzi aliibana kifuani
kama mtu anayetaka iandikwe nayo.

Sasa nieleze nilichokiona Gombani.

Dakika ya tisa, kona.
Mshambuliaji wa Wete, mrefu hata jezi haimfiki kiunoni,
akaruka, na Shaame akaruka,
na kichwa cha Shaame kikafika kwapani mwa mwenzake.
Goli.
Hilo siwezi kulificha, wala sitalipamba.
Mipira ya juu kumi na mmoja, saba kapoteza.
Msinitajie pilipili na udogo wake,
msinitajie kiselema kilichopita jembe zima:
methali hairuki kona.

Lakini kaeni nami hapa kidogo.
Dakika ya thelathini na kitu, mvua imenifutia wino,
kiungo wao hajainua hata kichwa
na Shaame ameshaondoka alipokuwa,
anatembea, hakimbii,
kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha jiko linawaka.
Pasi ikapigwa. Ikamkuta.
Nikadhani bahati.
Ikatokea tena. Ikatokea mara sita.
Mara ya sita niliacha kuutazama mpira,
nikawa namtazama yeye tu, mabega yake,
nikaujua mpira uendako kabla ya mwenye kuupiga.

Walipomaliza nikamuuliza, unajuaje?
Akafikiri, akakwaruza tope la soksi.
"Mrefu akikosea hunyoosha mguu.
Mie nikikosea ndiyo basi.
Kwa hiyo natangulia."

Mie nilichaguliwa kwa urefu.
Miaka kumi na tisa, futi sita na mbili,
hawakuniuliza hata kama naupenda mpira.
Nilicheza mechi nne.
Katika zote nne nilifika pale mpira ulipokuwa.

Bosi amepiga tena. Nimemsomea namba zote.
Kimya, kisha: "Ligi hii ina mijitu, ndugu yangu."
Ina mijitu kweli. Watampiga viwiko,
watamrushia kona mpaka ajute,
na huenda mwakani akarudi Machomane na begi lake
akafundishe watoto kuzidisha na kugawa.
Sina dhamana. Karani wa karafuu ana kipimo cha unyevu;
mie n'na macho, na macho haya haya ndiyo yaliyompendekeza
yule kipa wa Kengeja ambaye hatumtaji.

Kimo nimekiacha vile vile, sikuongeza hata uzi.
Chini kabisa, penye "Maoni mengine",
wameacha mistari miwili tu.
Nimeandika kwa herufi ndogo zipate kutosha:
Njooni wenyewe. Msikae karibu na kona.
Na mpira ukiwa mbali naye, hapo ndipo muanze kumtazama.