Damu ya Mzee

Kikao tulikikalia ngazini, kila mtu na kipandio chake,
kwa kuwa jengo letu la Chumbageni halina sebule
inayoweza kumeza nyumba tisa kwa mara moja.
Mimi katibu, daftari juu ya goti.
Taa ya ghorofa ya kwanza imeungua tangu Shaabani.
Fundi Shaweji kapaka vipande vinne ukutani,
vimekauka, vinatutazama kama watoto waliokosa.

"Hii," alisema, "kitabuni inaitwa Ukungu wa Asubuhi."
Mzee Semkuya akasogea, akainusa.
"Huu ni uji uliolala."
Ya pili, samawati. Mama Nuruana akaikataa kabla haijatajwa:
alilala Bombo wiki tatu, mwaka ule wa mguu,
hataki kupanda ngazi za kwake
kama anayesubiri kuitwa namba.
Ya tatu, manjano. Vijana wa juu wakaishangilia,
wakaishangilia mno,
tukajua ni mambo ya mpira. Ikaanguka.

Ya nne, damu ya mzee.
"Damu ya mzee gani?" akauliza Semkuya.
"Yangu mimi imeshakwisha, imemwagika hapa hapa,
vipandio hamsini na nne, kila siku, na gunia la mkaa."
Nikacheka hadi kalamu ikaniponyoka,
ikashuka, tak, tak, tak,
ikasimama mlangoni kwa namba sita,
mlango ambao mchango wa elfu thelathini na tano
umeugonga mara nne.

Mabishano yakaendelea hadi adhana ya Isha.
Nani atafuta mikono ya watoto? Baiskeli ya Chambo je,
inayopanda ikikwaruza kila ghorofa?
"Ukuta wa wote hauna mwenyewe," mtu akasema gizani.
"Uchafu wake ndio una wenyewe," akajibiwa.

Jumamosi Shaweji akaanza na msasa.
Vumbi likatoka kwa ukoo:
kijani, na chini ya kijani pinki
ambayo hakuna anayekubali kuwa aliichagua,
chini ya pinki chokaa,
chini ya chokaa ukuta wenyewe, kijivu, hauna maoni.

Kwenye kona ya ghorofa ya pili akasimama.
Pana mfuo pale, mrefu kama mkono,
umezama hadi kwenye saruji.
"Friji," nikasema.
"Kabati la namba nne," akasema Mama Nuruana.
Bi Mwanamkasi alikuwa anashuka na ndoo.
Akaitua.
"Hapo walipogeuza jeneza la Mgaza.
Lilikataa kona. Wakalisimamisha kidogo, hivi.
Na yeye hakupenda kabisa kusimamishwa asubuhi."

Hatukuwa na neno.
Maji ya ndoo yakaendelea kutikisika peke yao.
Fundi, kisu cha puti mkononi: "Nizibe, mama?"
"Ziba. Ukuta si kaburi.
Ila msasa wako usijichoshe sana hapo."

Muhtasari wangu unasema:
imekubaliwa, chini damu ya mzee hadi kimo cha kifua,
juu rangi ya maziwa, ndoo tano, brashi tatu,
chai ya fundi itazungushwa kwa zamu.
Hausemi kwamba umeme ukikatika, na hukatika,
tunapanda kwa kiganja,
kila mtu akiuburuza mkono ukutani,
na kwamba kwenye kona ya pili
kandambili za Bi Mwanamkasi hunyamaza,
kitambo cha mtu kutafuta ufunguo,
ingawa mlango wake uko juu zaidi.

Ijumaa bwana wa namba sita kapita mbio,
kachelewa hotuba, kanzu nyeupe,
rangi bado mbichi.
Bega zima.
Nilifungua daftari kwenye safu ya michango,
na mbele ya jina lake nikaandika:
ameshachukua kidogo. Bado hajalipa.